Sanaa za jadi za Uturuki: zilipona marufuku, je, zitapona duka la zawadi?

Mchuuzi wa Laleli (mwenye uzi)

Wakuu, asalaam alaykum na habari za jioni.

Wengi humu mnanijua kwa nyuzi za bei: nguo za Laleli kule Istanbul, kilo za kago, nani anafungasha vizuri na nani anakuletea mzigo umelowa. Leo sina bei hata moja. Kuna jambo nimerudi nalo safari hii na kila nikijilaza linanijia.

Mzigo wangu ulikwama siku mbili kwa sababu ya karatasi. Mama mmoja ambaye tunafanya biashara na familia yake mwaka wa sita sasa akaniambia nisikae hotelini kama mgonjwa, twende Üsküdar. Tukapanda feri pale Eminönü, muda si muda tuko upande wa Asia. Akaniingiza kwenye karakana ndogo, chumba kimoja chini ya nyumba ya ghorofa, kinanuka udongo na kitu kingine nilichokitambua palepale kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya mchinjaji: nyongo ya ng'ombe.

Mle ndani kulikuwa na mzee anafanya ebru. Ebru ni karatasi za marumaru, zile zenye mawimbi ya rangi mnazoziona ndani ya majalada ya vitabu vya zamani. Nilidhani watu wanazichora. Hazichorwi kwenye karatasi, zinachorwa juu ya maji.

Ana sinia la bati, kina chake vidole vitatu au vinne. Ndani yake maji mazito kama uji uliomwagiwa maji mengi. Yametiwa utomvu mkavu wa kichaka fulani cha milimani, wao wanauita kitre, umelowekwa usiku kucha ukachujwa kwa kitambaa. Pembeni vikopo vya rangi: udongo mwekundu, masizi, nili. Zote zimesagwa kwa mkono juu ya jiwe bapa, tena kwa saa nyingi, kisha zikatiwa nyongo. Nyongo ndiyo siri ya kazi yote. Bila nyongo rangi inazama. Ikiwemo, rangi inaelea na kutanda, na haichanganyiki na jirani yake. Rangi ya pili inatiwa nyongo zaidi ili iweze kuisukuma ya kwanza, ya tatu zaidi tena. Ukikosea kipimo kwa matone mawili, sinia zima limeharibika.

Brashi yake ni singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye kijiti cha mwaridi. Akaichovya, akaibana, akaigonga taratibu juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Matone yakaanguka, kila tone likafunguka kama mafuta kwenye mchuzi. Akaweka kijani, kisha jekundu katikati ya kijani, akachukua sindano nene na kuivuta mara tatu. Likatokea ua la tulipu. Naapa sikupepesa macho na bado sikuona lilivyotokea.

Akalaza karatasi kuanzia upande mmoja, polepole, hewa isiingie. Akaivuta juu akiiburuza kwenye ukingo wa sinia. Ua lote limehamia kwenye karatasi, maji yamebaki meupe. Nikaomba aitengeneze nyingine kama ile, niwe na mbili. Mama akatafsiri. Mzee akatikisa kichwa, akasema lile limeshaondoka, ila anaweza kunifanyia jingine.

Nikauliza kazi hii imefikaje mikononi mwake. Hapo ndipo alipokaa kitako, na uzi huu umetokana na majibu yake pamoja na niliyokwenda kuyasoma baadaye.

Sanaa hii imepita kwenye tundu la sindano. Karne ya 18 alikuwepo khatibu wa Ayasofya, ule msikiti mkubwa wa Istanbul, Mehmed Efendi, ambaye mtindo wake mpaka leo unaitwa ebru ya Khatibu. Alikufa 1773 nyumba yake iliposhika moto, yeye akihangaika kuokoa karatasi zake. Karne iliyofuata kazi ilikuwa kwa Edhem Efendi, shekhe wa zawiya (nyumba ya masufi) ya Wauzbeki hapohapo Üsküdar, aliyefariki 1904. Kwake alijifunza kijana Necmeddin Okyay. Huyu Okyay alikuwa imamu, mpiga mshale, mwandishi wa hati (yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu kwa uzuri), mfunga vitabu na mkulima wa mawaridi, na ndiye aliyeyafanya maua ya ebru yaonekane kama maua kweli. Alifariki 1976. Kazi akaipokea jamaa yake, Mustafa Düzgünman, mwenye duka la viungo na dawa za mitishamba Üsküdar, akaishi nayo mpaka 1990. Mchana anapima mdalasini na hiliki, akifunga duka anafanya ebru.

Hebu hesabuni. Shekhe, imamu, muuza viungo. Kuna wakati sanaa ya taifa zima ilikuwa ndani ya vichwa vya watu wanaotosha kwenye mkeka mmoja.

Na katikati ya hapo ndipo yalipotokea ya 1925 na 1928. Nitaendelea, ngoja niswali kwanza.

Mzee wa Ngamiani

Nimekaa kiti cha mbele. Lakini mwanangu, usitufiche siasa. Hizi habari za "urithi wa Osmania" zimeanza kuvuma tulipoanza kuletewa tamthilia za masultani na panga. Sanaa au kampeni?

Mchuuzi wa Laleli

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo nilikuwa naliendea. Sitaificha siasa, maana haiwezekani kueleza habari hii bila siasa.

Novemba 1925 Jamhuri changa ya Atatürk ilipitisha sheria ya kufunga zawiya zote. Zawiya hazikuwa mahali pa dhikri tu. Ile ya Wauzbeki ndiyo iliyokuwa karakana ya Edhem Efendi. Nyingine zilikuwa shule za muziki, nyingine za hati. Ukizifunga, umefunga na karakana.

Kisha tarehe 1 Novemba 1928 bunge likapitisha sheria ya herufi mpya. Kuanzia 1 Januari 1929 ilikuwa marufuku kuchapa vitabu vya Kituruki kwa herufi za Kiarabu. Miezi miwili, wakuu! Watu walilala wakiwa wasomi wakaamka hawajui kusoma gazeti. Mimi siwezi kusema mageuzi yale hayakuwa na sababu. Wengi walikuwa hawajui kusoma kabisa, na herufi za Kilatini zinaandika irabu za Kituruki vizuri zaidi. Hilo nalikubali. Ila kwa mwandishi wa hati, ile sheria ilikuwa kama kumwambia mvuvi kuanzia kesho bahari imefungwa.

Waturuki wana msemo wao kwamba Kurani iliteremshwa Makka, ikasomwa Misri, ikaandikwa Istanbul. Hati zao walikuwa wamezifikisha mahali ambapo ulimwengu wote wa Kiislamu ulikuja kujifunza. Sasa mtu aliyesota miaka kumi kupata ijaza, yaani idhini ya mwalimu wake, anafanya nini? Hamid Aytaç, mzaliwa wa Diyarbakır, alikuwa kwenye kilele cha kazi hiyo. Alijikimu kwa kutengeneza kadi za biashara, lebo na mihuri kwenye kiofisi chake Istanbul. Jioni anaandika aya. Ndiye aliyeandika hati za msikiti wa Şişli uliofunguliwa 1949. Hashim wa Baghdad, ambaye vitabu vyake vya mazoezi vinatumiwa hata kwenye madrasa zetu, alipata ijaza kwa Hamid. Hamid alifariki 1982, na wanafunzi wa wanafunzi wake leo wako nchi nyingi.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kampeni. Ndiyo, chama cha Erdoğan, kinachotawala tangu 2002, kimezibeba sanaa hizi. Erdoğan alipokuwa meya wa Istanbul, 1996, manispaa ilianzisha kozi za bure za ufundi, İSMEK, na humo ebru na hati zilifundishwa kwa watu wengi ambao zamani wasingeweza hata kuuona mlango wa mwalimu, wengi wao akina mama wa nyumbani. Hilo ni jema na nitalisema wazi. Lakini 2014 ulipozuka mjadala wa kuwalazimisha wanafunzi wasome Kituruki cha Osmania, kile cha zamani cha herufi za Kiarabu, herufi zilezile zikageuzwa bendera. Ukizipenda, wewe ni wa upande huu. Usipozipenda, wewe ni wa upande ule. Kalamu ya mwanzi haikuomba kura, lakini inahesabiwa kwenye kura.

Mimi nasema kilichobeba sanaa hizi hakikuwa serikali iliyozipiga marufuku wala hii inayozipamba. Zilibebwa na mtu mmoja kukaa na mtu mwingine mmoja, kwa miaka, mara nyingi bila malipo. Ukiondoa hicho kikao, hata ukijenga makumbusho mia umebakiwa na picha tu.

Msomi wa Ankara

Mkuu umegusa mwenyewe. Nilisoma kule miaka minne kwa ufadhili wa serikali yao, na mwaka wa pili nilijiunga na darasa la hati Jumamosi. Niongeze la ndani ya darasa.

Nilidhani nitaanza na alifu, be, te. Mwalimu alinipa mstari mmoja wa kuiga: *Rabbi yassir wala tuassir, Rabbi tammim bil-khayr*. Wanaanzia hapo wote, tangu zamani. Dua ileile tuliyofundishwa chuoni Tanga kabla ya kufungua juzuu! Nilitokwa machozi, sina haja ya kuficha.

Mstari ule mmoja niliuandika miezi minne. Unaenda Jumamosi na karatasi yako, mwalimu hasemi chochote, anachukua kalamu yake na kuandika chini ya herufi yako vile ilivyotakiwa iwe, kwa wino mwekundu. Anaweka na vidoa vya kupimia. Kila herufi inapimwa kwa nukta za kalamu hiyohiyo: alifu ya hati hii ni nukta kadhaa kwenda juu, bakuli la nuni ni nukta kadhaa kwa upana. Kisha anakurudishia. Unaondoka kwenda kurudia.

Mwanzoni tulikuwa kumi na saba. Mwezi wa tatu tulikuwa watano. Walioondoka wengi walikuwa wameshajipiga picha na kalamu na kidau cha wino, na hiyo ndiyo waliyoifuata. Siwalaumu, lakini mwalimu alikuwa akivitazama vile viti vitupu kwa muda kabla ya kuanza somo.

Kuhusu wino: mabwana wa zamani walitumia masizi ya taa za mafuta. Kwenye msikiti wa Süleymaniye hewa ya ndani ilipangwa ivute moshi wa taa mpaka chumba kimoja juu ya mlango, masizi yakakusanywa huko yakafanywa wino.

Bint Jambiani

Kaka mwenye uzi, umeandika habari ya maji mazito nikasimamisha kazi zangu. Mimi nina binamu yangu anafanya ebru Ulaya, aliwahi kuniambia siku hizi wengi hawatumii ule utomvu, wanatumia unga unaotokana na mwani. Mwani! Mama yangu analima mwani tangu mimi sijazaliwa. Anaingia majini maji yakiwa magotini, anafunga kamba, anarudi mgongo haunyooki, anauza kilo kwa bei ambayo nikiiandika hapa mtadhani nimekosea. Ni kweli mwani ndio huo?

Mchuuzi wa Laleli

Dada yangu, ni kweli. Unga huo unaitwa karajini, unatokana na mwani, na mwani wa Unguja na Pemba ununuliwao na makampuni ya nje hukamuliwa karajini. Mwani wa ebru unaweza kuwa wa aina nyingine na wa bahari nyingine, ila kitu kinachotafutwa ndani yake ni cha jamii hiyohiyo. Nakuachia mama yako salamu. Mwambie kuna mzee Üsküdar angeyaelewa mateso yake ya mgongo.

Na hapo umenifungulia mlango wa biashara, maana mimi ni mchuuzi na siwezi kujifanya sioni soko.

2014 Unesco iliiandika ebru kwenye orodha ya urithi wa binadamu. 2016 çini, yaani vigae vya kupambwa kwa rangi. 2020 picha ndogo za vitabuni, pamoja na Azerbaijan, Iran na Uzbekistan. 2021 hati. Ukienda leo Kapalıçarşı, lile soko lenye paa, ebru iko kila mahali: skafu, majalada ya simu, sabuni, vikombe. Chukua skafu mbili za ebru uzipange pamoja. Kama mawimbi yanafanana nukta kwa nukta, hiyo imechapwa na mashine. Ebru haiwezi kufanana, nimewaeleza mzee alivyotikisa kichwa. Wao wameuza kile ambacho ebru yenyewe haiwezi kukifanya, kujirudia, na wakakiita ebru.

Vilevile hati. Mmeziona Kariakoo na Mombasa zile Ayatul Kursi za bati zilizokatwa kwa mashine, za kutundika sebuleni? Nimewahi kuleta katoni tatu mimi mwenyewe. Zimeuzika. Siku niliyokaa na Msomi na kuonyeshwa mstari wa nukta, nilirudi nyumbani nikaitazama ya kwangu ukutani: nuni imebanwa ili iingie kwenye kipimo cha bati, alifu imekatwa kichwa. Mwandishi wa hati angeirudisha kwa wino mwekundu mwanzo mpaka mwisho. Nimeishusha.

Msiniambie naichukia intaneti. 2016 kijana wa Kituruki, Garip Ay, alichora ile picha ya usiku wa nyota ya Van Gogh juu ya maji, video yake ikazunguka dunia nzima. Watoto wangu waliijua ebru kwa video ile kabla yangu. Mzee wa Üsküdar aliniambia wanafunzi wake wawili waliokaa miaka mingi walikuja baada ya kuona video kwenye simu. Wengine walikuja, wakataka wafundishwe usiku wa nyota siku ya kwanza, wakaondoka.

Dalali wa Zulia

Mkuu na mazulia je? Mimi nauza "zulia la Kituruki" kila Ramadhani, wateja wanajaa. Hapo napo kuna uongo?

Mchuuzi wa Laleli

Ndugu yangu, zulia unalouza ni la Kituruki kweli, ila ni la kiwandani. Mji wa Gaziantep ni moja ya ngome kubwa za mazulia ya mashine duniani. Si dhambi, mradi usimwambie mteja kuwa limefumwa kwa mkono na bibi kijijini.

Mimi nilidanganywa hivyo hivyo, na si Kariakoo, ni kulekule kwao. Duka la karibu na msikiti mkubwa, chai ya tufaha, hadithi ya bibi aliyefuma miaka miwili, cheti chenye muhuri. Nikalipa pesa ya kununua pikipiki. Nilipolionyesha kwa yule mama wa biashara, aliligeuza tu chini juu, akanyamaza, akaniuliza nimelipa kiasi gani. Aliponiona naona haya akaniambia nikae nijifunze.

Ligeuze zulia. La mkono, mgongo wake unaonyesha picha karibu wazi kama uso, na mafundo hayalingani kwa utimilifu, mstari mmoja umebanwa, mwingine umelegea kidogo. Kisha tazama matamvua. Kwenye zulia la mkono matamvua ni nyuzi zenyewe za mtande, zile za urefu, zinatoka ndani ya zulia. Kwenye la mashine mara nyingi yameshonewa baadaye, ukivuta unaona mshono. Halafu achanisha manyoya uone mzizi: fundo la Kituruki linazunguka nyuzi mbili za mtande. La kwangu lilikuwa na mshono wa cherehani mwisho hadi mwisho.

Rangi nazo zina kisa chao. Tangu Mwingereza Perkin atengeneze rangi ya kemikali 1856, rangi za mizizi na majani zilianza kusahaulika Anatolia, kwa sababu za dukani zilikuwa rahisi. Mabibi wakafa na mapishi yao. Mwaka 1981 mwalimu wa kemia Mjerumani, Harald Böhmer, kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Marmara, alianza mradi uitwao DOBAG kwenye vijiji vya Ayvacık na Yuntdağ. Alikuwa amepima nyuzi za mazulia ya kale akajua nyekundu ilitoka kwenye mzizi gani na njano kwenye jani gani, akawarudishia wanawake wa vijiji mapishi ya bibi zao. Wakaunda ushirika, pesa ikaenda kwa mfumaji. Mimi hili linanigusa kuliko cheti chochote cha Unesco. Maarifa yalitoka maabara yakarudi kwenye sufuria, na mwenye sufuria akalipwa.

Lakini nao wana mtihani. Binti wa mfumaji amesoma, anataka kazi ya mjini. Nani atamlaumu? Zulia moja ni miezi ya kukaa umeinama. Ukisikia bei ya zulia la mkono unashtuka, ukigawa kwa siku za mfumaji unashtuka mara ya pili, kwa sababu ni ndogo.

Mzee wa Ngamiani

Nimekuelewa. Lakini hawa Waturuki wanaposema "yetu, yetu", je, zote ni zao?

Msomi wa Ankara

Mzee, ruhusa nijibu hili, mwenye uzi atanirekebisha.

Ukiwa Eminönü, juu ya maduka ya vyombo, kuna msikiti wa Rüstem Paşa, wa miaka ya 1560. Unapanda ngazi nyembamba, unaingia, kuta zote ni vigae vya mji wa İznik. Ile nyekundu yake inaitwa ya marijani. Ukiitazama kwa ubavu imeinuka, haiko sawa na uso wa kigae. Karne iliyofuata İznik ilidorora na siri ya nyekundu ile ikapotea. Mji uliobaki na tanuri ni Kütahya, na Kütahya mafundi wengi walikuwa Waarmenia, wakifanya kazi bega kwa bega na Waislamu, misikiti na makanisa wote wakiwa wateja.

Mmoja wao ni David Ohannessian, fundi mkuu wa karakana yake. 1916 alihamishwa kwa nguvu na familia yake, wakasukumwa kuelekea Shamu pamoja na maelfu ya Waarmenia wengine waliokuwa wakifa njiani. Alinusurika. 1919 akafika Jerusalem, Waingereza walimtaka kwa ajili ya vigae vya Qubbat as-Sakhra, yaani Kuba ya Mwamba. Akafungua karakana, akaleta mafundi wengine kutoka Kütahya. Mpaka leo Jerusalem inasifika kwa "vigae vya Kiarmenia", na watalii wananunua bakuli zenye tulipu bila kujua zile tulipu ni za Kütahya.

Hii habari nilipoiuliza darasani kule watu walitazama meza. Kwenye vibao vya madukani inaandikwa "çini ya Kituruki" basi. Mimi naipenda nchi ile, imenisomesha na imenilisha, na kwa kuwa naipenda nasema: urithi ukiandikwa jina moja, mikono mingine inakatwa mara ya pili.

Mchuuzi wa Laleli

Sina la kukurekebisha. Ahsante kwa kulisema.

Niongeze moja la Ayasofya. Ndani yake kuna mabango manane makubwa ya mviringo: jina la Mwenyezi Mungu, la Mtume, makhalifa wanne, Hasan na Husein. Aliyaandika Kazasker Mustafa İzzet katikati ya karne ya 19, kila moja lina upana wa mita saba na nusu hivi. Ayasofya ilipogeuzwa makumbusho miaka ya 1930 yakateremshwa yaondolewe. Hayakupita mlangoni! Yalitengenezwa mlemle ndani. Yakaegemezwa ukutani, yakakaa chini miaka, mpaka 1949 yalipopandishwa tena. Tarehe 24 Julai 2020 watu walipoingia kuswali Ijumaa ya kwanza baada ya kurudishwa kuwa msikiti, yalikuwa juu yao. Makumbusho yakaja yakapita, msikiti ukarudi, dunia nzima ikabishana, na lile alifu liko palepale linakutazama. Nilisimama chini yake nikahesabu nukta kama Msomi alivyonifundisha.

Fundi wa Lamu

Nimesoma uzi wote kimya. Kwetu Pate na Siyu walikuwepo waandishi wa misahafu. Waliandika kwa mkono na kuipamba kwa nyekundu, nyeusi na manjano, kazi haina mfano. Na Kiswahili chenyewe tukakiandika kwa herufi za Kiarabu, barua, tenzi, hesabu za majahazi, kabla Mjerumani na Mwingereza hawajatuletea hizi tunazoandikia sasa. Sisi hatukupigwa marufuku kwa sheria ya siku moja kama Waturuki. Tuliacha kidogo kidogo. Leo nikimpa mwanangu barua ya babu yake anaigeuza juu chini.

Nimesema haya kwa sababu nina msahafu wa mkono uliotoka kwa babu mzaa mama. Sijui wa mwaka gani. Kijana mmoja wa duka la picha amenishauri niufanyie plastiki karatasi moja moja ili usiharibike, na mwingine ameniambia akipata mteja wa nje atanipa pesa ya kuezeka nyumba. Msomi na mwenye uzi, mnaniambiaje?

Msomi wa Ankara

Shehe wangu, tafadhali USIFANYE plastiki. Joto la ile mashine litaipika karatasi na gundi yake haitoki tena milele. Na usiuweke kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto na chumvi ya bahari ya Lamu utatoa jasho na kuota ukungu. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, sanduku la mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, na uutazame kila baada ya wiki kadhaa kama mchwa hawajaukaribia. Kisha wapelekee watu wa makumbusho hapo Lamu waupige picha kurasa zote, ubaki nao mwenyewe. Kupigwa picha si kuutoa.

Mchuuzi wa Laleli

Kuhusu mteja wa nje, mimi mchuuzi nakwambia: ukishauza hautaununua tena, kwa bei yoyote. Nyumba utaezeka. Tukifika huko, tufungue uzi wa mchango, mimi naanza.

Je, mwisho wa msahafu kuna maneno ya aliyeuandika? Waandishi wengi huacha jina na dua ukurasa wa mwisho.

Fundi wa Lamu

Nimeutoa kwenye nailoni jioni hii. Mke wangu amechana leso ya bafta, tumeufunga humo. Ukurasa wa mwisho upo, maandishi ni madogo na pembe imeliwa. Nimewasha taa ya simu. Kuna jina limekatika, kisha pameandikwa "kwa mkono wake", kisha dua ya kumwombea msomaji na aliyemfundisha kuandika. Mwanangu ameniuliza hilo neno la mwisho ni lipi. Nimemkalisha, tumeanza na mim.